Makaratasi ya Katumba na Nyuzi Nane

Barua za Kiswahili za kale kuliko zote tuzijuazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa khati ya Kiarabu. Na mtu azitakaye leo hazioni Kilwa zilikotoka wala Msumbiji zilikopelekwa, bali huzikuta ng'ambo ya bahari, katika nyumba ya kumbukumbu ya Goa, Bara Hindi. Kila nikumbukapo habari hii huyakumbuka masanduku ya bati ya Katumba, yaliyowekwa chini ya vitanda, ambamo wazee wetu walihifadhi kila karatasi yenye mhuri. Maana wao walikuwa wameacha nyuma nyumba na vyote vilivyokuwamo, na walijua pasipo kufundishwa na mtu kwamba waraka ukaao mahali pamoja huangamia pamoja na mahali hapo.

Katumba, ambayo leo imo katika Halmashauri ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, ilifunguliwa mwaka 1973 iwe makazi ya watu waliokimbia mauaji yaliyozuka Burundi mwishoni mwa Aprili 1972. Ulyankulu, upande wa Tabora, ilikuwa imeitangulia kwa mwaka mmoja, na Mishamo ikafuata mwaka 1978. Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS, lile shirika la Kikristo lililoundwa na Walutheri, waliafikiana kugawana kazi. Pori la miombo likafyekwa, kaya zikapewa ardhi, na baada ya miaka michache watu waliokuja na mafurushi kichwani wakawa wanauza mahindi, maharage na tumbaku. Walakini maisha yao yalifungwa kwa karatasi. Mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kutoka makazini ila kwa kibali. Kwa hiyo kadi ya kaya, cheti cha ubatizo, daftari la mauzo ya tumbaku na kadi ya kliniki ya mtoto havikuwa takataka za droo, bali vilikuwa ushahidi kwamba mwenye nyumba yupo duniani.

Kisha ukaja wakati ambao karatasi ilikuwa ndiyo matumaini yenyewe. Mwaka 2007 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa mwaka 1972 wangechagua baina ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Na kufikia mwaka 2010 watu takriban 162,000 wa makazi yale matatu walikuwa wamekubaliwa. Lakini hati zenyewe zilizuiliwa, kwa kuwa ilikusudiwa kwanza watu wahamishiwe mikoa mingine, na ni Oktoba 2014 tu ndipo zilipoanza kukabidhiwa. Miaka minne! Mtu alikuwa ameukana uraia wake wa zamani, na ule mpya hana cha kuuonyesha. Sishangai basi kwamba hati ilipopatikana, jambo la kwanza wengi walilofanya lilikuwa kwenda Mpanda mjini kutoa kopi, moja ikae nyumbani, moja kwa ndugu, moja kwa mtu wa kanisani aaminiwaye. Na desturi hiyo, ambayo sijaiona ikiandikwa popote, ndiyo ninayotaka kuishuhudia hapa, kwani mimi ni mmoja wa walioirithi.

Mwaka ule ule wa 1973, mwezi wa Mei, katika maabara ya Xerox huko California, Robert Metcalfe aliandika waraka wa kueleza jinsi kompyuta nyingi zitakavyozungumza kwa kupitia waya mmoja, na mtandao huo ukaja kuitwa etheneti. Mambo hayo mawili hayakuhusiana kwa lolote, na yamkini yasingehusiana kamwe, lau nisingeamua, miaka arobaini na kitu baadaye, kulifungua sanduku la bati la marehemu baba, kupiga picha kila karatasi iliyomo, kuongeza masimulizi ya wazee niliyoyarekodi barazani, na kuviweka vyote katika kisanduku chenye diski mbili kilichounganishwa na ruta ya nyumbani, ili kompyuta yoyote ya nyumba ipeleke humo nakala yake ya akiba kila usiku.

Jumla ilikuwa kiasi cha gigabaiti 300. Usiku wa kwanza kazi ilianza saa mbili, na alfajiri haikuwa imefika hata nusu. Umeme ukakatika, ikabidi kuanza upya. Usiku wa pili ikawa vilevile. Nilikilaumu kisanduku, nikailaumu na kompyuta, na nilikuwa karibu kutumia fedha ambazo sikuwa nazo kununua diski nyingine, ndipo nilipokumbuka namna marehemu baba alivyokuwa akiulizia ombi lililochelewa: hakuuliza ofisi nzima, bali alifuata karatasi meza kwa meza, mpaka aikute meza ilipolala.

Nami nikaifuata njia hatua kwa hatua. Nilinakili faili moja kubwa la video kwa waifai, nikapata megabaiti 3 tu kwa sekunde, na hilo lilikuwa na sababu dhahiri, kwa kuwa baina ya kompyuta na ruta palikuwa na kuta mbili nene za matofali ya kuchoma. Nikaunga waya. Mwendo ukapanda hadi megabaiti 11, ukakwama hapo, hauzidi wala haupungui. Na ni hiyo kumi na moja iliyonifumbua macho, kwa sababu diski iliyochoka hupanda na kushuka, ilhali mwendo usiotikisika ni alama ya mlango uliowekwa kipimo. Waya wa etheneti una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Mwendo wa megabiti 1,000 huzitaka zote nane, ule wa 100 hutosheka na nne. Uzi mmoja ukikatika katika jozi zile nyingine, vifaa vya pande mbili hushuka kwenye 100 kimyakimya, taa zikiendelea kuwaka kana kwamba hakuna jambo. Nilipotazama mipangilio ya kompyuta, imeandikwa 100. Nilipoufuata waya kwa vidole, nikaukuta umebonyea chini ya kizingiti, mahali mlango ulipoukandamiza kwa miezi.

Waya mpya, uliopitishwa juu ya dari, ulinipa megabaiti 110, na kazi ya saa 7 na nusu ikawa ya dakika 45. Picha ndogondogo, zipatazo elfu kumi na mbili, ziliendelea kujikokota, maana kila faili hufunguliwa, huandikishwa na kufungwa peke yake, mfano wa msafara ambao kila mpagazi anasimamishwa langoni; hizo nilizifunga furushi moja kabla ya kuzipeleka. Tangu hapo natumia rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia, ambayo hulinganisha vilivyopo na vilivyokwisha kuhifadhiwa, ikapeleka tofauti pekee. Aghalabu humaliza kabla sijanywa chai. Na kwa kuwa Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na kukatika kwa umeme si jambo geni kwetu, kisanduku kina betri yake.

Hata hivyo bado kimo ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu hutia nakala nyingine katika diski ndogo, huizungushia kitambaa, nikampa mtu anayesafiri kwa treni ya Mpanda, kwa reli ile ya kilomita 210 iliyofika hapa kutoka Kaliua mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Dada yangu huipokea Tabora, akanirudishia ile ya zamani, naye huiweka mpya katika sanduku la bati, chini ya kitanda.