Karani, Mkalimani na Afisa wa Probesheni: Nani Huwalinda Bukonzo?

Mshtakiwa wa Kisinga anayepandishwa kizimbani Bwera au Kasese, magharibi mwa Uganda, huzungumza na hakimu kupitia watu wengine. Karani ndiye aliyefungua faili na kuandika jina lake. Mkalimani husimama kando yake akiyageuza maneno ya Kikonzo kuwa Kiingereza, na kinachoingia katika kumbukumbu za kesi ni alichosema mkalimani. Mshtakiwa akiwa mtoto, au mahakama ikifikiria kumwachilia chini ya uangalizi badala ya kumfunga, afisa wa probesheni hupanda hadi kijijini kwao, huongea na wazazi na majirani, kisha huandika taarifa ambayo hakimu huisoma kabla ya kuamua. Watu hawa hawatoi hukumu, lakini hukumu hupita mikononi mwao. Historia ya Bukonzo, eneo hili la Wakonzo, inanifanya niamini kwamba ajira zao zikiwa rehani kwa wenye vyeo wa mahali, mnyonge hana mahakama, hata hakimu awe mwadilifu kiasi gani.

Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Omukama (mfalme) wa Tooro uliwaweka watu wa milima ya Rwenzori chini ya ufalme huo, na kwa miongo mingi chifu yule yule aliyesimamia kodi ndiye aliyeketi kusikiliza mashauri. Lugha ya ofisi na ya baraza ilikuwa Kitoro. Karani wa baraza alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, na mlalamikaji wa Kikonzo aliyetaka kumshtaki mtu wa chifu alilazimika kuanzia kwenye meza ya mtu wa chifu. Wakonzo na Waamba walipoinuka mwanzoni mwa miaka ya 1960, malalamiko yao yalihusu ajira, shule, lugha na uchifu. Mwaka 1962 Isaya Mukirania na wenzake walitangaza Rwenzururu kuwa eneo linalojitenga na Tooro, na mwaka huo huo tume iliyoongozwa na Dk. Ssembeguya ikatumwa kuchunguza chanzo cha vurugu. Wengi wakisimulia Rwenzururu husimulia mikuki na mapango. Mimi naona ndani yake pia ugomvi juu ya nani aishike kalamu ya ofisi.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuwatoa machifu mahakamani. Katika miaka ya 1960 mabaraza ya wenyeji yaliunganishwa na mahakama za mahakimu, falme zikafutwa 1967, na 1974 Kasese ikawa wilaya yake yenyewe. Lakini kumwondoa chifu hakukuondoa hofu. Septemba 21, 1972, wanajeshi walimchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala, muda mfupi baada ya kuamuru mfanyabiashara mmoja Mwingereza aachiliwe, na hakurudi tena. Katiba ya 1995 iliandikwa na taifa lililokumbuka siku hiyo: ikaweka uhuru wa mahakama, ikamkinga hakimu na mashtaka kwa anachokitenda katika kuhukumu, na ikafanya kumwondoa jaji kuwa kazi ngumu. Kwa watumishi wengine wa umma, ibara ya 173 inasema mtu asionewe kwa kutimiza wajibu wake kwa uaminifu, wala asifukuzwe au kushushwa cheo bila sababu ya haki. Ni maneno mazuri. Swali ni nani anayeamua kwamba sababu ni ya haki.

Hapo ndipo afisa wa probesheni alipoachwa nyuma. Sheria ya Probesheni ya 1963 inamfanya mkono wa mahakama, na Sheria ya Watoto ya 1996 ikamwongezea mzigo mkubwa. Ugatuzi wa miaka ya 1990 ukamhamishia wilayani: anaajiriwa na kuadhibiwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, ambayo wajumbe wake huteuliwa na baraza la wilaya, ingawa kwa idhini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Makarani na wakalimani walipata angalau nyumba yao mwaka 2020, Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ilipounda Utumishi wa Mahakama. Afisa wa probesheni alibaki nje ya nyumba hiyo. Akiandika taarifa inayomgusa mtoto wa diwani, anaandika juu ya nyumba ya mtu mwenye sauti katika chombo kinachoteua waajiri wake.

Watasema ulinzi huzaa uzembe na rushwa, na mwananchi aliyewahi kuambiwa faili lake limepotea ana haki ya kusema hivyo. Lakini ibara ya 173 haimkingi mwizi. Inadai sababu na utaratibu, na karani anayeuza faili anatoa sababu ya kutosha. Zaidi ya hapo, anayeweza kuhamishwa kwa simu moja ndiye mwepesi zaidi kutii simu ya pili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ugatuzi umeleta maafisa wanaojua Kikonzo, na kuwarudisha Kampala kungetuletea tena wageni wanaohitaji mkalimani kwenye kila mlango. Nakubali hatari hiyo. Ni ile ile ya enzi za Tooro. Lakini mahali pa kazi na mamlaka ya nidhamu ni mambo mawili. Afisa anaweza kubaki Kasese, akilipwa na wilaya, huku malalamiko juu ya kazi aliyoifanya kwa amri ya mahakama yakisikilizwa tangu mwanzo na chombo kisichoteuliwa na madiwani. Rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ipo, ila humfikia mtu akiwa tayari ameadhibiwa.

Bunge liliwapa makarani ulinzi wao mwaka 2020. Wabunge wa Bukonzo, ambao wapiga kura wao wanajua gharama ya baraza linalomtumikia mkubwa, wadai afisa wa probesheni naye aingizwe katika Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama kwa kazi yake ya mahakamani.