Maua, Ufagio na Moshi wa Jikoni: Mafundisho ya Sikukuu ya Bulabo

Katika kitabu cha yubilei ni desturi kuhesabu makanisa, shule na mapadre. Hesabu hiyo ni ya haki. Tangu Mapadre Weupe walipofika Kageye, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, mwishoni mwa mwaka 1878, na tangu walipoanza misioni ya Bukumbi mwaka 1883, mengi yametendeka yapasayo kukumbukwa. Walakini imani haikukaa kanisani tu, bali iliingia hata uani na jikoni. Kwa hiyo sisi makatekista twaona vema kueleza habari za sikukuu moja ambayo Wasukuma wameipokea hata ikawa yao kabisa, nayo ni Bulabo.

Sikukuu hii ndiyo ile ya Mwili wa Kristu. Mtawa Yuliana wa Liège aliitamani na kuiombea miaka mingi, akafa mwaka 1258 kabla haijaenea. Mwaka 1264 Baba Mtakatifu Urbano wa Nne akaamuru ifanywe katika Kanisa lote. Kwetu mara nyingi huangukia mwezi wa Juni, wakati ambapo mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Katika maandamano watoto hutangulia mbele ya Sakramenti Takatifu, wakimwaga maua njiani. Na kwa kuwa bulabo kwa Kisukuma maana yake ni maua, sikukuu yote ikaitwa kwa jina hilo. Angalieni basi: watu hawakuiita kwa neno gumu la elimu ya dini, bali kwa kitu kilichokuwa mikononi mwa watoto.

Majira hayo ya baada ya mavuno ndiyo pia majira ya ngoma. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Usukuma wamegawanyika katika vyama viwili, Bagalu na Bagika, vilivyotokana na waganga wawili, Gumha na Ngika. Vyama hivyo hucheza wakati mmoja, na kile kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement, aliyefanya kazi huko tangu miaka ya 1950, hakuzifukuza ngoma hizo, nazo zimekuwa sehemu ya Bulabo. Mtu aweza kuuliza kama yafaa kuchanganya Ekaristi na mashindano. Twajibu kwamba yafaa, ikiwa tu tunaanza sikukuu nyumbani kabla ya kwenda uwanjani. Maana nyumbani yako mafundisho matatu.

La kwanza ni ufagio. Sikukuu ikikaribia, ua hufagiwa, vyombo husuguliwa, na ukuta wenye nyufa husiribwa upya kwa udongo. Hakuna mwenye nyumba ampokeaye mgeni wa heshima penye takataka. Nasi twafundishwa kwamba kabla ya kumpokea Bwana yatupasa kuisafisha roho kwa Kitubio. Mama afagiaye ua wake alfajiri amekwisha kuwafundisha watoto wake nusu ya somo hilo, hata kama hakusema neno.

La pili ni sinia moja. Watu wa nyumba na jirani zao hunawa, wakaketi, wakamega ugali mmoja na kuchovya katika mchuzi mmoja wa sato. Na apitaye njiani huitwa aje kula. Mtume Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba sisi tulio wengi tu mwili mmoja, kwa kuwa twashiriki mkate mmoja. Uwanjani chama kimoja hushinda kwa kupunguza watu wa chama cha pili. Mezani pa Bwana hakuna ashindaye kwa hasara ya mwenzake, na Mgalu na Mgika hupiga magoti mahali pamoja.

La tatu ni zito kupita yote, nalo li jikoni. Ugali ule umepikwa katika moshi: moshi wa kuni, na mahali penye miti michache, moshi wa samadi iliyokaushwa. Bibi aliyepuliza moto huo tangu ujana wake hata uzee, macho yake huwa mekundu. Nayo macho hayo hayo yamehesabiwa kuwa dalili ya uchawi! Katika miaka ya 1980 na 1990, na baadaye pia, wanawake wazee wengi waliuawa katika nchi za Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma hiyo. Mara nyingine neno lilitoka kwa mpiga ramli. Mara nyingine lililofichwa nyuma yake lilikuwa shamba au urithi wa mjane.

Ndugu, hapa ndipo imani yetu hupimwa. Mtoto amwagaye maua mbele ya Mwili wa Kristu asubuhi, akasikia jioni bibi jirani akinong'onwa kuwa mchawi, atasadiki lipi? Bwana wetu amesema kwamba lolote tumtendealo mmoja wa wadogo wake, twamtendea yeye. Basi macho yale mekundu si alama ya ubaya, bali ni alama ya kazi. Ni deni la kila mtu aliyeshiba katika nyumba ile.

Kwa hiyo twawasihi wazazi. Siku ya Bulabo, kabla ngoma hazijalia, bibi na aketishwe uani palipofagiwa, mbele ya watoto na jirani, naye apewe chakula wa kwanza. Mkubwa wa nyumba na awaeleze watoto macho yale yamepataje wekundu. Na mtu akileta nyumbani habari za ramli juu ya mzee yeyote, akataliwe waziwazi, watoto wakisikia. Ndipo maua waliyoyamwaga njiani yatakuwa na maana.