Uchambuzi wa Data za Utafiti Unyamwezi

Uchambuzi wa data za utafiti ni kazi ya kupanga, kukagua, kulinganisha na kufasiri taarifa zilizokusanywa, ziwe tarakimu, simulizi au maandishi ya kale, ili zijibu swali lililokusudiwa. Katika Unyamwezi, yaani sehemu kubwa ya Mkoa wa Tabora na maeneo yanayopakana nao magharibi mwa Tanzania, kazi hiyo ina historia ndefu, kwa kuwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora iliwaleta wageni wenye kalamu na shajara tangu miaka ya 1850, na kwa kuwa kuanzia mwaka 2006 eneo hilohilo likawa uwanja wa mradi wa maendeleo ambao tathmini zake zilizua ubishi mkubwa miongoni mwa wanatakwimu. Makosa ya vipindi hivyo viwili yanafanana kwa namna ya kushangaza, kwani mara nyingi namba ilitumika kabla ya kuulizwa ilipatikanaje.

Puge, itakayotajwa hapa chini kama mfano, ni kata ya Wilaya ya Nzega, takriban katikati ya barabara ya Tabora–Nzega.

Hesabu ya misafara

Swali lililowashughulisha zaidi wanahistoria wa njia ya kati ni la idadi ya wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo kwa malipo kati ya pwani na bara. Makadirio yanayorudiwa vitabuni yanazungumzia watu laki moja au zaidi kwa mwaka mwishoni mwa karne ya 19, na Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, amelijadili suala hilo kwa upana kuliko wengi waliomtangulia. Makadirio hayo ni ya thamani, lakini mchambuzi hana budi kutambua kwanza kitu kilichohesabiwa. Mpagazi aliyeteremka pwani na pembe za ndovu, akapanda na vitambaa, alipita kituo kilekile mara mbili, na orodha inayohesabu wapitaji itamtoa kama watu wawili. Kitengo cha uchambuzi, yaani kile kinachohesabiwa kama kimoja, chaweza kuwa mtu, safari, mzigo au msafara, na jumla hubadilika sana kadiri mtafiti anavyohama kutoka kimoja kwenda kingine bila kusema.

Misafara nayo ilikuwa na tabia ya kuungana ili kupita kwa usalama penye vita au penye uhaba wa maji, kisha ikaachana mbele ya safari, hivyo msafara mmoja ulioonekana Tabora huenda ulikuwa mitatu ulipotoka Bagamoyo. Wanawake waliofuatana na waume zao, watoto waliobeba masufuria na mikeka, na watu waliojiunga njiani bila mkataba hawakuingia katika orodha nyingi, kwa sababu orodha hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ujira na posho. Kutokuwamo kwao kwenye karatasi si ushahidi kwamba hawakuwamo njiani, na historia ya wanawake wa Kinyamwezi imepunjwa sana kwa kosa hili moja.

Majira pia huathiri. Wanyamwezi wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kurejea nyumbani kulima mvua zilipokaribia, kwa hiyo mgeni aliyepita miezi ya Juni na Julai aliona njia iliyofurika watu, na atakayeizidisha picha hiyo kwa miezi kumi na miwili atapata idadi ambayo haikupata kuwepo. Sampuli, yaani sehemu ndogo inayochukuliwa kuwakilisha jumla, ilichaguliwa hapa na ratiba ya msafiri mwenyewe.

Vipimo na tarehe

Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, aliacha maelezo mengi ya bei na vipimo, na jedwali za bei zilizotungwa baadaye hutegemea sana maelezo hayo. Frasila ilikuwa takriban ratili 35, karibu kilo 16. Kitambaa kilipimwa kwa dhiraa, ambayo ni urefu wa mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, dhiraa nne zikiwa shuka na shuka mbili zikiwa doti. Mkono wa mtu mrefu na wa mtu mfupi haulingani, na mnunuzi na muuzaji kila mmoja alikuwa na sababu ya kupendelea mkono wake, kwa hiyo doti iliyolipwa kama hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, haikuwa lazima ilingane na doti iliyofungwa kwenye mtumba Bagamoyo. Anayezigeuza doti kuwa mita na kuandika jibu lenye tarakimu mbili baada ya nukta huipa data usahihi ambao haikuzaliwa nao.

Hata tarehe huhitaji kuhojiwa. Henry Morton Stanley aliandika kwamba alikutana na David Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone inalielekeza tukio hilo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili waliugua homa njiani na kupoteza hesabu ya siku. Ikiwa watu wawili waliosimama mahali pamoja hawakukubaliana kuhusu siku, urefu wa safari unaohesabiwa kwa kutoa tarehe moja kutoka nyingine unapaswa kuandikwa pamoja na kiasi cha mashaka yake.

Chanzo kimoja kuhusu Mirambo

Uchambuzi wa data zisizo za tarakimu hufanywa mara nyingi kwa kuipa kila sehemu ya maandishi alama ya maana yake, kisha kulinganisha alama hizo. Maandishi ya Stanley kuhusu Mtemi Mirambo wa Urambo (alifariki Desemba 1884) ni kipimo kizuri cha mbinu hiyo. Mwaka 1871 Stanley alishiriki upande wa Waarabu wa Tabora vitani, wakashindwa, na Mirambo akaonekana katika kitabu chake kama mnyang'anyi. Mwaka 1876 walikutana, wakachanjana udugu, na katika kitabu kingine mnyang'anyi akageuka mtu mpole na mwenye hekima. Mtafiti anayehesabu maneno mabaya na mazuri katika vitabu vyote viwili na kutoa wastani atapata Mirambo ambaye hakuonwa na mtu yeyote, kwa sababu kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni nafasi ya mwandishi. Norman Bennett katika kitabu chake cha mwaka 1971, na J. B. Kabeya aliyeandika kwa Kiswahili, walilikabili tatizo hilo kwa njia tofauti, Kabeya akisikiliza zaidi wenyeji.

Simulizi

Tawasifu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ilitungwa uzeeni na ina tarehe chache.

Sensa na wastani wa mkoa

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,291,623 katika Mkoa wa Tabora, na ile ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Ongezeko hilo ni la asilimia 48, na kosa la kawaida ni kuligawa kwa kumi na kutangaza asilimia 4.8 kwa mwaka, wakati ongezeko hujijenga juu ya ongezeko la mwaka uliotangulia na kiwango sahihi ni takriban asilimia 3.9. Kiwango hicho kinazidi kile cha taifa, ambacho ni asilimia 3.2, lakini hakielezi chenyewe ni wangapi walizaliwa na ni wangapi walihamia na mifugo au kufuata mashamba ya tumbaku.

Sensa huhesabu watu kwa kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula, na mahali mtu alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa ndipo anapohesabiwa. Kibarua wa tumbaku anayelala na kula kwa tajiri wake anaingia katika kaya ya tajiri, jambo linaloweza kuifanya kaya hiyo ionekane kubwa na maskini kwa kipato cha kila kichwa. Umri nao hurundikana kwenye tarakimu zinazoishia na sifuri au tano, kwa sababu wengi hutaja umri kwa kukisia.

Tafiti za kaya za kitaifa, zikiwemo za afya ya uzazi na mtoto, hupangwa ili zitoe makadirio ya kuaminika kwa ngazi ya mkoa. Kata kama Puge yaweza kupata eneo moja la kuhesabia katika sampuli au isipate kabisa. Hata hivyo, si ajabu kukuta andiko la mradi likisema hali ya lishe Puge ni kiasi fulani, na kiasi hicho kikiwa ni wastani wa mkoa mzima uliobandikwa jina la kata. Hilo ni kosa zito, kwa kuwa watoto wa Puge hupangiwa huduma kwa namba isiyowahusu. Mipaka pia imehama: Kaliua, kwa mfano, ilimegwa kutoka Urambo, na anayelinganisha Urambo ya 2002 na Urambo ya 2022 analinganisha maeneo mawili tofauti.

Mbola na kundi linganishi

Mbola, katika Wilaya ya Uyui inayopakana na Nzega upande wa kusini, ilichaguliwa mwaka 2006 kuwa kituo cha Tanzania cha Mradi wa Vijiji vya Milenia ulioongozwa na Jeffrey Sachs wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mradi ulileta mbolea, mbegu, vyandarua, zahanati na madarasa kwa pamoja. Swali la tathmini lilikuwa moja: ni sehemu gani ya mabadiliko ilitokana na mradi, na ni ipi ingetokea hata bila mradi? Kulijibu kunahitaji kundi linganishi, yaani vijiji vinavyofanana na vya mradi ila havikupata huduma zake, na vijiji hivyo havikuteuliwa kwa kura tangu mwanzo. Michael Clemens na Gabriel Demombynes walieleza mapema kwamba simu za mkononi, elimu na afya vilikuwa vikipanda pia katika maeneo yasiyo na mradi ya nchi walizozichunguza.

Mwezi Mei 2012 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya wataalamu wa mradi yaliyodai kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 7.8 kwa mwaka katika vituo tisa, mara tatu ya kasi ya kitaifa ya asilimia 2.6. Dai hilo lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, kupungua kwa jumla kulikuwa asilimia 22, na waandishi walikugawanya kwa miaka mitatu ya mradi, ilhali kiwango cha mwanzo kilikuwa wastani wa miaka mitano iliyotangulia na kiwango cha mwisho wastani wa miaka mitatu iliyofuata, hivyo umbali kati ya katikati ya vipindi hivyo ni miaka minne, na kasi inashuka hadi karibu asilimia 6. Pili, kasi ya kitaifa ilichukuliwa kutoka kipindi kirefu zaidi, wakati vifo vya watoto vilikuwa vikipungua haraka zaidi katika miaka ya karibuni. Waandishi waliliondoa dai hilo hadharani, hatua inayostahili heshima.

Tathmini ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 2018 na The Lancet Global Health, ilihusu vituo kumi na ilichagua vijiji linganishi baada ya mradi kwisha, kwa kutumia taarifa za kabla ya mradi. Kati ya matokeo 40 yaliyopimwa, 30 yalionyesha tofauti ya wazi kwa manufaa ya mradi, hasa katika kilimo na afya, lakini umaskini uliopimwa kwa matumizi ya kaya haukuonyesha tofauti ya wazi, na theluthi moja tu ya malengo ilifikiwa. Wastani huo ni wa vituo vyote na hauwezi kusomwa kama matokeo ya Mbola peke yake. Tena, katika miaka ya mwanzo ya 2010 barabara ya Tabora–Nzega ilijengwa kwa lami, ikigawanywa kwa wakandarasi katika vipande viwili vinavyokutana Puge, na barabara ya namna hiyo yaweza kubadili bei ya mahindi na mbolea katika vijiji vya mradi na visivyo vya mradi. Kigezo cha nje kama hiki, kinachogusa matokeo bila kuwa sehemu ya mradi, hutakiwa kuandikwa katika uchambuzi hata pale ambapo hakuna data ya kukipima.

Lugha ya mahojiano

Madodoso huandikwa kwa Kiswahili na majibu ya wazee wengi hutolewa kwa Kinyamwezi au Kisukuma, hivyo tafsiri ya mdodosaji ni sehemu ya data.

Sheria na vibali

Utafiti nchini Tanzania hupewa kibali na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na ule wa afya hupitiwa pia na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 kwa namna iliyozuia uchapishaji wa takwimu zinazopingana na zile rasmi, kisha ikarekebishwa tena mwaka 2019 na kulegeza masharti hayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia watafiti: katika kijiji kidogo, umri, kazi na idadi ya watoto vikichapishwa pamoja vyatosha kumtambulisha mtu hata jina lake likifutwa.