Beberu wa Voi haisubiri homoni

Kila nikiposti kuhusu mbuzi, mtu anauliza za homoni za beberu, ati tumeachwa nyuma. Hebu tulia. Melatonini iligunduliwa Marekani mwaka 1958 na kikundi cha Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwili huitoa usiku. Kule Ulaya mbuzi hupandana siku zikianza kuwa fupi, na nje ya msimu beberu hupoa. Ndiyo wakaanza kumpandikiza melatonini chini ya ngozi, nyuma ya sikio, mwili udanganyike kwamba usiku umerefuka.

Hapa Voi, tofauti ya usiku mrefu na mfupi haifiki nusu saa. Beberu wetu yuko tayari mwaka mzima (si bure wakoloni waliitwa mabeberu, bana). Shida yetu ni mvua. Mimba ni miezi 5: akipandwa Januari anazaa Juni, kiangazi kimeingia, mama hana maziwa, mtoto anakufa.

Wamaasai walishalijibu hili kitambo. Beberu alifungwa aproni ya ngozi tumboni, asipande kabla ya wakati. Ukimfungulia Juni, watoto wanazaliwa Novemba, vuli ikinyesha. Mimi naona pesa ya homoni heri inunue nyasi.