Nafasi ya Kutembea

Neno nafasi huwatatiza wanafunzi wetu mapema. Mwenye shughuli nyingi asema, "Sina nafasi," naye ana maana kwamba hana wakati. Utingo wa basi asema, "Hamna nafasi," naye ana maana kwamba pa kukaa hapapo. Mwanafunzi huuliza kwa nini neno moja libebeshwe mizigo miwili. Mimi hupenda kumjibu kwa kisa cha mbali kidogo, cha wafanyakazi wa Manchester, Uingereza, waliotaka kwenda kupunga upepo vilimani.

Katika karne ya 19 Manchester ulikuwa mji wa pamba na moshi. Watu walifanya kazi siku sita za juma, tangu alfajiri mpaka usiku, na Jumapili walipumzisha miili iliyochoka. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliamuru kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Na kwa kuwa mashine haziendi bila wao, wanaume nao wakapata kupumzika. Mwaka 1871 sheria nyingine ikaongeza sikukuu chache. Basi nafasi ya kwanza, yaani wakati, ilipatikana kidogo kidogo, tena kwa madai ya miaka mingi.

Watu waliitumiaje? Wengine kwa mpira, wengine kwa pombe. Lakini wengi walianzisha vyama vya matembezi, wakapanda gari moshi kuelekea vilima vya Peak District, kiasi cha kilomita 30 tu kutoka mjini. Huko, juu ya Kinder Scout, mlima wa mita 636, mna upepo safi na upeo mpana wa macho. Nani asingetamani, akiwa ametoka katika vumbi la pamba?

Lakini huko ndiko walikokuta hamna nafasi ya pili. Nyanda zile za juu, ambazo zamani wanavijiji walilisha mifugo yao, zilikuwa zimekwisha kugawiwa makabaila kwa sheria za kuzungushia ardhi mipaka. Makabaila walifuga humo ndege wa jamii ya kwale, ili wawawinde kwa bunduki kuanzia tarehe 12 Agosti kila mwaka. Kwa ajili ya uwindaji wa siku chache hizo, walinzi wenye fimbo waliwafukuza watembeaji mwaka mzima. Ufikapo mwaka 1932 mambo yalikuwa ya kejeli kweli: biashara ilikuwa imeanguka duniani kote, na vijana wengi wasio na kazi walikuwa na wakati tele, ila pa kuutumia hawakupaona.

Jumapili tarehe 24 Aprili 1932, watu wapatao 400 walikusanyika katika machimbo ya mawe karibu na kijiji cha Hayfield. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka 20 aliyejifunza ufundi wa magari. Alifika kwa baiskeli, kwani polisi walikuwa wakimngoja stesheni. Alihutubia, kisha wakapanda mlima. Walinzi walijaribu kuwazuia, mkazuka mapambano mafupi, na mlinzi mmoja akaumia. Huko juu walikutana na wenzao waliotoka upande wa Sheffield, wakashangilia pamoja, halafu wakateremka. Kijijini walikuta polisi wakiwasubiri.

Kuingia katika ardhi ya mtu pasipo ruhusa hakukuwa kosa la jinai. Kwa hiyo walishtakiwa kwa fujo na kushambulia. Watano walifungwa kati ya miezi miwili na sita, Rothman akipewa minne. Inafaa nitaje kwamba viongozi wa vyama vya matembezi vya zamani walilipinga tendo lile, wakiogopa kwamba lingeharibu mazungumzo yao na wenye ardhi. Hofu hiyo naielewa, walakini mazungumzo hayo yalikuwa yamekwenda miaka mingi bila kuwafungulia watembeaji nyanda zile. Ukali wa hukumu ndio ulioligeuza jambo la kijiji kuwa jambo la nchi nzima.

Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyowapa watu wa Uingereza na Wales haki ya kutembea kwa miguu katika nyanda na milima iliyo wazi. Mwezi Aprili 2002, miaka 70 baada ya siku ile, Duke wa 11 wa Devonshire alisimama mbele ya watembeaji, akaomba radhi hadharani kwa yale aliyoyatenda babu yake. Rothman hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 90.