Wamawia
“Wamawia” ni jina ambalo Wamakonde wa uwanda wa juu wa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, waliitwa na majirani zao. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyezuru kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906, aliliandika kama jina la kawaida la kabila. Wenyewe walijiita Wamakonde. Walipovuka mto kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, jina lilishafungamana na sifa ya ukali, chale usoni na ndonya mdomoni, likageuka kejeli. Hata hivyo, Dar es Salaam, wachongaji wa mpingo wa Mwenge, Kinondoni, walijulikana kwa vinyago vya Kimakonde. Siku hizi kumwita mtu Mmawia huhesabiwa tusi.