Posho ya Siku za Kungoja

Reli haipiti Sumbawanga. Mji umeketi juu ya uwanda wa Ufipa, katika nchi ya baridi na ulezi, na tangu reli ilipoingia magharibi mwa Tanganyika mpaka leo, mtu wa huko atakaye kupanda garimoshi hana budi kusafiri safari nyingine kwanza: ama ateremke mpaka Kasanga au Kipili apate meli ya Ziwa Tanganyika ikiwapo, ama aelekee kaskazini mpaka Mpanda, ama aende kusini mpaka Tunduma. Kwa sababu hiyo, mintarafu ya haki za abiria ambaye safari yake imefutwa, historia ya Ufipa ina jambo la kufundisha ambalo mtu aishiye jirani na stesheni halioni upesi; kwani huyu garimoshi likikosekana hurudi kwake akalala, ilhali hasara ya mtu wa Ufipa haikuanzia kwenye dirisha la tiketi wala haimaliziki hapo.

Kabla ya reli palikuwa na misafara. Wafanyabiashara waliotoka Unyanyembe kutafuta pembe na shaba ng'ambo ya ziwa walipita nchi za kandokando ya Ufipa, na mpagazi alipokubali kujitwika mzigo wao alipatana nao mambo mawili, nayo ni ijara na posho. Ijara ilikuwa malipo ya kazi. Posho ilikuwa riziki ya kila siku, aghalabu kibaba kimoja cha nafaka, au nguo na shanga za kukinunulia. Desturi hii ilikuwa na insafu kubwa, kwa kuwa mto ulipofurika, au mtawala wa nchi alipoifunga njia mpaka alipwe hongo, na msafara ukakaa kambini siku nyingi bila ya kupiga hatua, posho haikukatika. Mwenye msafara aliyethubutu kuikata aliweza kuamka alfajiri akakuta mizigo imelala chini na wapagazi wamekwenda zao. Hivyo ilifahamika pasipo kitabu cha sheria kwamba siku ya kungoja ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeishika dhima ya safari.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani walileta Kigoma, vipande vipande ndani ya masanduku, meli waliyoiita Graf von Götzen. Wakaizamisha wenyewe Julai 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa kusini mwa ziwa waliliita ziwa lenyewe. Meli hiyo ikawa mlango wa Ufipa: abiria aliteremka kutoka uwandani na unga wake, maharage yake na blanketi lake, akangoja pwani ya ziwa, akapanda mpaka Kigoma, na huko akalikabili garimoshi la Tabora na Dar es Salaam.

Miongoni mwa waliosafiri hivyo walikuwamo vijana waliokwenda kukata mkonge, walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuajiri wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo iliwachukua watu kutoka majimbo ya mbali kwa lori na kwa reli, ikiwapa chakula na mahali pa kulala njiani, na mkataba ulipokwisha ikawarudisha makwao. Sitaisifu kazi ile, kwa sababu ilikuwa ngumu na ijara yake ilikuwa haba. Lakini katika jambo hili moja manamba alifanana na mpagazi wa zamani: garimoshi lilipochelewa, njaa yake ilikuwa taklifu ya aliyempeleka.

Hapa ndipo penye ajabu ya historia hii. Mtu aliyetumwa na mwingine alilishwa siku za kungoja. Mtu huru, aliyeuza mahindi yake au ng'ombe wake akajinunulia tiketi ya daraja la tatu kwa fedha yake halali, ndiye aliyeachwa ajilishe mwenyewe. Tiketi yake ilihesabiwa kuwa bei ya kubebwa tu, na safari ilipofutwa, jambo kubwa aliloweza kulitumainia ni kurudishiwa bei hiyo. Chumba alichokodi Kigoma, wali alionunua stesheni, nauli ya meli iliyokwisha kutumika, na tiketi ya basi aliyoinunua kwa bei ya juu ili asikose mazishi au shule ya mwanawe, vyote havikuingia katika hesabu ya mtu yeyote isipokuwa yeye.

Hata hivyo, zamani zile Mfipa alikuwa na nafuu moja, nayo ni kwamba meli na garimoshi vilikuwa vya mwenye mmoja. Reli ya Tanganyika iliendesha vyote viwili. Kisha shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948. Kisha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 1997 huduma za meli za maziwa zikatengwa na kupewa kampuni yake. Usimamizi nao ukafuata njia hiyo hiyo: SUMATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ilitazama nchi kavu na majini pamoja; leo LATRA, kwa sheria ya mwaka 2019, inatazama nchi kavu, na TASAC inatazama majini. Yamkini mgawanyo huo una manufaa yake kwa wataalamu, lakini abiria ambaye meli imemchelewesha akalikosa garimoshi sasa ana milango miwili ya kubisha, na katika kila mlango anaweza kuambiwa kwamba kosa ni la jirani.

Njia nyingine zilifunguka. Tawi la Kaliua hadi Mpanda lilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 reli ilibaki ikiwahudumia wakulima. Julai 1976 reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia, na Tunduma pakawa mlango mwingine wa Ufipa. Lakini kila njia ya chuma ina siku yake ya kukatika. Mvua za mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 ziliizoa Reli ya Kati upande wa Kilosa, safari zikasimama kwa miezi, na abiria wa Mpanda na Kigoma aliyetaka kufika Dar es Salaam akalazimika kutafuta basi. Mafuriko ni kudra, na hakuna amlaumuye karani wa stesheni kwa mvua. Lakini mto uliowazuia wapagazi nao ulikuwa kudra, na kibaba kilitoka vilevile.

Ulaya walilirudia wazo hilo kwa njia ya sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2009 ilimpa abiria wa reli robo ya nauli akicheleweshwa saa moja, na nusu akicheleweshwa saa mbili au zaidi. Tena ikaagiza apewe chakula kwa kadiri ya kungoja kwake, na malazi ikibidi alale njiani. Wasomi wetu huitaja kanuni hiyo kama kitu kigeni cha kuonewa haya, ilhali ndani yake mna posho ile ile.

Basi dai la abiria wa Ufipa ni jepesi kulieleza. Safari ikifutwa, arudishiwe nauli yote pasipo kuzungushwa. Akilazimika kununua tiketi nyingine ya bei kubwa zaidi, alipwe tofauti. Na akiwekwa stesheni usiku kucha, apewe chakula na mahali pa kujilaza. Asiambiwe kwamba hayo ni fadhila ya shirika. Wapagazi wa zamani walikwisha kukubaliana na wenye misafara juu ya jambo hili, wakaliandika kwa kibaba, na hakuna aliyewahi kuufuta mkataba ule mbele yao.